Fundi Tusaidie: Injini ya Boti Imekataa Kuwaka

Mwezi huu barua karibu zote ni za boti, sijui nini imeingia watu. Mtu akisikia boti na Nairobi anacheka, anadhani tunaongelea zile za Uhuru Park, lakini Naivasha ni kama kilomita 90 tu kutoka mjini na kuna watu wengi kuliko vile mnadhani wenye wako na boti kwa trela nyuma ya nyumba, imefunikwa turubai, imekaa. Na hiyo kukaa ndo imeleta karibu kila mtu hapa. Boti ya Nairobi haiharibiki kwa kazi, inaharibika kwa kulala. Twende.

SWALI: Sasa fundi. Mimi na bro yangu tulichanga tukanunua boti ya faiba na injini ya hospawa 40, tustroki (ile ya kuchanganya oili kwa petroli), ya kuvuta na kamba, kutoka kwa jamaa wa Kilifi mwenye alikuwa anavulia samaki. Tuliijaribu huko baharini ikawaka vizuri tu. Tukaileta Nairobi na trela ikakaa kwa kompaundi, mara mvua, mara kazi, mara pesa hakuna, hadi juzi tukaipeleka Naivasha na familia yote, watoto wamevaa jaketi za kuelea na chakula imepakiwa. Nikivuta inakohoa mara moja hivi alafu kimya. Navuta tena, wapi. Mkono umevimba hadi sahii. Jamaa mmoja wa pale ziwani akasema kabureta imeisha tununue mpya, fundi mwingine hapa Nairobi anasema injini ifunguliwe yote iwekwe pistoni na ringi. Bibi yangu anasema tuuze. Tuanzie wapi?
Msomaji, Syokimau

JIBU: Ndugu yangu, usiuze, usinunue kabureta, na usikubali mtu afungue hiyo injini, angalau sio bado. Hiyo kukohoa ni habari njema. Injini inataka petroli iliyochanganyika na hewa, inataka cheche, na inataka mgandamizo ndani ya silinda. Ikikohoa maana yake vyote vitatu vilikutana mara moja, alafu kimoja kikapotea, na ukishaniambia imekaa miezi bila kuwashwa mimi pesa yangu naiweka kwa petroli.

Lakini tuanze na vile vya bure, juu kuna watu wanalipa fundi atoke Indasti hadi Naivasha, nauli na chakula juu yake, fundi anafika anachomeka klipu, anavuta mara moja, inawaka. Hiyo klipu ni ile ya kamba nyekundu ya kujifunga mkononi au kwa jaketi, inaingia chini ya kitufe cha kuzimia. Ikitoka, kwa injini nyingi cheche inakatwa kabisa, unaweza vuta hadi Krismasi. Yako imekohoa kwa hivyo labda iko mahali pake, lakini iangalie tu, toa rudisha, pale ndani huingia kutu na chumvi. Angalia pia gia iko nyutro, nyingi haziwaki zikiwa kwa gia.

Alafu nenda kwa tangi. Kwa kifuniko kuna skrubu ndogo ya hewa. Watu huifunga wakibeba tangi kwa buti ya gari ndo petroli isinuke, wakifika ziwani hakuna anaikumbuka. Petroli haiwezi kutoka kama hewa haiingii. Dalili yake kawaida ni injini inawaka, inaenda kidogo, inazima, unangoja, inawaka tena, inazima. Ifungue.

Kwa paipu kuna ile pampu ya mkono ya mpira. Iko na mshale, na mshale lazima uelekee injini (usicheke, mtu akibadilisha paipu ni rahisi sana kuigeuza). Ishike wima, upande wa kwenda injini ukiwa juu, bonyeza hadi iwe ngumu. Hapa kuna mambo matatu inaweza kukuambia na ni muhimu kuliko vile watu wanafikiria. Kama haiwi ngumu hata ukibonyeza aje, kuna mahali hewa inaingia, ama vali za ndani ya hiyo pampu zimekufa, ama tangi ni tupu na hujaangalia. Kama inakuwa ngumu alafu unasikia petroli inanuka na inaanza kudondoka kwa kabureta, sindano ya floti (ile inafunga petroli kabureta ikijaa) imekwama wazi na injini inazama kwa petroli. Na kama inakuwa ngumu na inabaki ngumu vile vile hata ukivuta kamba mara nyingi, petroli haitumiki, kuna mahali imezibwa huko mbele. Angalia pia pale paipu inaungana na injini, kuna ringi ndogo ya mpira ndani, ikipasuka inavuta hewa badala ya petroli na hutaona hata tone nje.

Sasa toa plagi. Hii ndo hatua wengi wanaruka, na ndo ile ingekuonyesha mahali pa kwenda bila kubahatisha. Vuta kamba na choki ikiwa imefungwa mara chache, alafu toa plagi uiangalie kabla haijakauka.

Kama imekauka kabisa, haina hata harufu, petroli haifiki kwa silinda. Achana na mambo ya umeme, rudi nyuma ufuate petroli. Kama imelowa, petroli inafika, labda inafika sana, ama cheche hakuna. Hapo futa plagi ikauke, acha matundu wazi, toa ile klipu ya kuzimia ndo cheche ikatike, uvute kamba mara kadhaa petroli itoke, rudisha plagi na klipu, fungua choki, fungua rakili (ile ya kuongeza mwendo) wazi kabisa kama injini yako inakubali ikiwa nyutro, alafu vuta. Injini iliyozama huwa inakubali hapo, inatoa moshi mzito wa bluu na kelele, rudisha rakili haraka.

Kupima cheche: kwanza chomoa paipu ya petroli na usogeze tangi mbali, futa petroli yoyote imemwagika, hakuna sigara hapo karibu. Weka plagi kwa kofia yake, chuma yake iguse mwili wa injini vizuri, iwe mbali na tundu la silinda, ishike na koleo yenye mpira, mtu avute kamba. Unataka cheche ya bluu yenye inalia. Ya manjano nyembamba ni dhaifu. Usivute kamba na waya za plagi zikining'inia hewani bila kugusa chuma, unaweza kuchoma ile sanduku ya umeme na hiyo sio bei ya mchezo. Kama hakuna cheche kwa silinda zote, chomoa waya ya swichi ya kuzimia ujaribu tena. Cheche ikirudi, ubaya uko kwa swichi, sio kwa koili. Ila usiende ziwani hivyo, hutakuwa na njia ya kuzima.

Tuseme sasa cheche iko na plagi zimekauka. Hapo ndo kabureta yako, na mimi naamini hapo ndo utaishia. Mlipoizima Kilifi ilibaki na petroli ndani ya kikombe cha kabureta. Ile ya tustroki imechanganywa na oili, kwa hivyo petroli ikipotea kwa hewa pole pole oili na uchafu vinabaki, vinaganda huko chini kama mafuta yaliyosahauliwa kwa sufuria. Jeti (kale kamdomo ka kupitishia petroli) ya mwendo mdogo ndo ya kwanza kuziba juu tundu lake ni dogo sana. Ndo maana inakohoa: choki na ile pampu ya mkono zinasukuma petroli kidogo, inashika, alafu jeti haiwezi kuleta nyingine.

Chini ya kikombe kuna skrubu ya kumwagia. Weka chupa ya glasi, mwaga uangalie. Ikiwa ya rangi ya chai na inanuka kama vanishi, umepata jibu. Ukiacha hiyo chupa itulie na uone tabaka la maji chini, umepata jibu lingine, na petroli yote ya kwa tangi itolewe, sio ya kabureta peke yake. Kusafisha kwenyewe sio uchawi: toa kabureta, piga picha na simu kila hatua, toa kikombe, floti, sindano, jeti, zipulize na dawa ya kabureta na hewa ya presha. Usiingize waya kwa jeti. Nawaambia na najua mtaingiza, lakini hilo tundu limepimwa, ukilipanua kidogo injini haitawahi kukaa sawa tena. Nunua gaskiti mpya kabla hujafungua, sio baada. Kirinyaga Road unaweza kupata karibu kila kitu cha pikipiki na gari lakini spea za boti utatafuta kidogo, enda na ile ya zamani mkononi pamoja na namba ya injini.

Ikishawaka lakini inazima ukiachilia, mwambie bro wako abonyeze ile pampu ya mkono pole pole ikiwa inanguruma. Ikiendelea kuishi akibonyeza na kufa akiacha, pampu ya petroli ya injini ndo mbaya, ile diaframu ya ndani imekauka, ama kuna hewa inaingia. Diaframu ni kitu ya bei nafuu.

Hizo pistoni na ringi mtu anakuuzia, mwambie kwanza apime mgandamizo na geji mbele yako. Silinda zinafaa kukaribiana, tofauti ikipita asilimia 10 hadi 15 ndo mnaweza kuongea. Mtu anayetaka kufungua injini bila kuipima anatafuta karo ya shule.

Jambo lingine hakuna mtu alikuambia. Hiyo injini ilikuwa imepangwa kwa Kilifi, usawa wa bahari. Naivasha iko karibu mita 1,880 juu. Hewa huko ni nyepesi lakini kabureta bado inamwaga petroli ile ile ya pwani, kwa hivyo mchanganyiko unakuwa mzito, plagi zinakuwa nyeusi na zenye masizi, kuwaka kunakuwa ngumu hasa ikiwa tayari na moto. Nguvu nayo inapotea kama asilimia 3 kwa kila mita 300, kwa hivyo hospawa 40 zako za Kilifi huko Naivasha ni kama 32 hivi. Sio ugonjwa. Fundi anayejua boti ataweka jeti kuu ndogo zaidi, na ukiwa na familia na chakula yote labda pia propela ya kukata maji kidogo zaidi. Lakini ukirudisha boti pwani lazima urudishe jeti ya zamani, mchanganyiko mwepesi na tustroki wanachomana pistoni, na hapo sasa yule wa kufungua injini atakuwa na haki yake.

Na kwa vile imetoka baharini, fungua kofia ya injini uangalie viungo vya waya. Ukiona kijani au unga mweupe, safisha, kausha, paka grisi ya umeme.

Ukimaliza siku ya ziwa na unajua boti itakaa, chomoa paipu ya petroli injini ikiwa ndani ya maji bado inanguruma, iache imalize ya kwa kabureta hadi izime yenyewe. Alafu mwaga kikombe. Ni dakika chache tu, na ndo tofauti ya kuvuta mara moja mwezi ujao na mkono kuvimba.

SWALI: Habari yako fundi. Mimi nafanya biashara ya kupeleka wageni kwa boti Naivasha lakini naishi Kasarani, kuna kijana huko anaiangalia. Injini ni fostroki (oili yake iko kando kama gari), ya starta. Asubuhi akiwasha inasema "tik" tu basi. Akiunganisha na betri ya gari langu inawaka. Amebadilisha starta na bado. Je, ni betri? Mbona ni mpya?
Mama wawili, Kasarani

JIBU: Dada, starta ya watu imetolewa bure, pole. Kwa "tik" mtu anaanza na betri na waya, starta inakuja mwisho.

Nunua mita ya bei rahisi mjini, mpe kijana aiweke kwa kamba shingoni kama kitambulisho cha kazi. Betri imetulia usiku wote, hakuna kitu kimewashwa: karibu volti 12.6 imejaa, 12.4 iko sawa lakini imepungua, 12.0 hiyo karibu imeisha hata kama ni ya jana kutoka dukani. Alafu apime tena wakati anawasha. Ikianguka chini ya 9.6 hivi, betri haiwezi kazi. Ikibaki juu, kwa mfano 12, na bado ni "tik", umeme uko kwa betri lakini haufiki kwa starta, na hapo ni vichwa vya betri vyenye vimeoza, waya ya ardhi pale inaunganika na mwili wa injini, fyuzi kubwa, swichi kuu, au ile relei inayolia yenyewe. Ajaribu kuguza vichwa vya betri baada ya kuwasha mara kadhaa, chenye kimepata moto hakijashika vizuri. Akisafisha atumie brashi ya waya hadi ing'ae, sio kukwaruza na kisu juu juu.

Kwa nini betri mpya inakufa? Biashara yako inakwenda pole pole, wageni wanapiga picha ya viboko na tai, injini iko mwendo mdogo siku nzima, na kwa mwendo mdogo injini inachaji kidogo sana. Huku kuna redio, kuna mashine ya kuonyesha kina, kuna wageni wanachaji simu. Betri inatoa kuliko inapata. Nunua chaja ya ukutani aichaji usiku mara kwa mara, mahali penye hewa, juu betri ya asidi ikichaji inatoa gesi inayoshika moto. Na swichi kuu izimwe boti ikifungwa.

Hiyo kuunganisha na betri ya gari sio mbaya kwa dharura, lakini gari liwe limezimwa, na waya ya mwisho ya ardhi iguswe kwa chuma ya injini mbali na betri, sio kwa kichwa cha betri ya boti. Na akishapata kuwasha asitoe waya za betri ya boti injini ikiwa inanguruma, atachoma umeme wa injini.

Kitu kimoja nje ya swali lako. Wageni wakiwa ndani na injini ikikataa katikati ya ziwa, boti inasukumwa na upepo, na Naivasha upepo huja mchana vizuri, unasukuma hadi kwa mafunjo ambapo viboko wanalala. Kuwe na kasia mbili na nanga yenye kamba ya kutosha, na jaketi ziwe zimevaliwa, sio zimekaliwa. Watu wa Kenya Maritime Authority wakikagua wataangalia hizo pia, lakini hata wasipokuja.

SWALI: Fundi naweza kujaribu injini hapa ploti bila maji, dakika mbili tu nisikie kama inawaka? Niko Embakasi.
Msomaji, Embakasi

JIBU: Hapana. Ndani ya mguu wa injini kuna impela ya mpira inavuta maji ya kupoza, ikizunguka bila maji inajichoma haraka sana kabla hata hujafurahia mlio. Alafu utaenda ziwani, injini iwake vizuri, ipate moto, ife. Wewe utasema ni petroli mbaya.

Tafuta drumu, tumbukiza mguu hadi maji yafunike matundu ya kuvutia maji na ipite ile sahani iliyo juu ya propela. Gia ibaki nyutro muda wote, ukiweka gia ndani ya drumu utaosha majirani. Angalia pembeni ya injini kama inakojoa, ule mkondo mdogo wa maji ukitoka kwa nguvu maji yanazunguka. Usipotoka, zima. Kuna pia zile kofia mbili za mpira za kubana kwa matundu ya mguu na kuunganisha hosi ya bomba, hizo ni nzuri, ila najua Embakasi maji inakuja siku gani na siku gani haiji, na drumu ya lita 200 ukinunua kwa mkokoteni sio bure, kwa hivyo baada ya kumaliza usimwage, ila usifulie nayo nguo pia, itakuwa na oili. Fanya nje, sio ndani ya gereji ya mlango mmoja, moshi wa injini unaua mtu bila harufu ya kumshtua.

SWALI: Bro nachanganya oili kiasi gani kwa petroli? Jamaa wa msumeno wa kukata miti ananiambia oili yake ni ile ile. Na nikichanganya sana si ni vizuri injini ilainike?
Msomaji, Ruiru

JIBU: Kwa tustroki nyingi za boti ni 50 kwa 1, yaani lita 20 za petroli na mililita 400 za oili. Ikiwa mpya au imetoka kujengwa upya, nyingi zinataka mara mbili yake kwa masaa ya kwanza, mililita 800 kwa hiyo lita 20. Kitabu cha injini yako ndo kinasema mwisho. Weka oili kwanza na petroli kidogo, tikisa, alafu jaza. Usimwage oili juu ya tangi iliyojaa ukaondoka, itakaa chini, injini itanyonya oili tupu asubuhi na plagi zitakufa.

Oili ya msumeno sio ile ile. Msumeno unapozwa na hewa, injini ya boti inapozwa na maji na inafanya kazi ikiwa na joto la chini, kwa hivyo oili yake iko na herufi TC-W3 kwa chupa. Soma chupa, usisome picha ya boti, picha mtu yeyote anaweza kuchapisha. Na kuzidisha hakulainishi kitu, kunaleta masizi kwa plagi na moshi, alafu unaandika barua hapa injini haiwaki. Kama yako ni fostroki usichanganye kitu chochote, oili inaingia mahali pake kama gari.

Plagi ukinunua linganisha namba yote hadi mwisho. Kwa NGK ile 10 ya mwisho baada ya kistari inamaanisha pengo la milimita 1.0, ukiuziwa isiyo nayo inaingia vizuri kabisa kwa tundu lakini pengo sio lile.

Na usipulizie ile dawa ya kopo ya kuamsha injini kwa tustroki. Inawaka kweli, lakini inaosha oili kwa silinda wakati ndo inahitajika.

SWALI: Fundi pole kwa haraka. Mjomba wangu Homa Bay injini yake ya tustroki imeanguka ziwani jana jioni, ilichomoka kwa ubao wa nyuma ikiwa inatembea. Wameitoa leo asubuhi. Anasema ataianika jua iki­kauka atavuta. Mimi niko Kawangware nampigia tu simu. Nimwambie nini?
Msomaji, Kawangware

JIBU: Mpigie sahii kabla hujamaliza kusoma. Asiianike. Ikiwa imetoka kwa maji hewa ndo inaanza kula chuma ndani, bearingi zinashika kutu kwa masaa. Kama hawezi kuishughulikia leo ni afadhali airudishe kwa pipa la maji safi ikae imezama kuliko kuikausha. Najua inasikika vibaya.

Na asivute kamba kwa nguvu. Ilianguka ikiwa inazunguka, inaweza kuwa imemeza maji na maji hayabonyei, mkono wa pistoni unaweza kuwa umepinda. Atoe plagi zote kwanza. Azungushe kwa mkono pole pole akisikiliza. Ikikwama mahali au ikikwaruza, aache hapo, hiyo inahitaji kufunguliwa kweli.

Ikizunguka vizuri: kuosha nje na maji safi, kulaza injini matundu ya plagi yakiangalia chini na kuvuta pole pole hadi maji yaache kutoka. Kumwaga kabureta na paipu ya petroli, petroli yote iliyoingia maji itupwe mbali na ziwa na moto. Kukausha viungo vya waya na plagi za umeme. Kumwagia oili ya tustroki kidogo kwa kila tundu la plagi na kuzungusha ienee. Plagi mpya au zilizokaushwa vizuri, petroli mpya yenye oili zaidi ya kawaida kwa mara hiyo, alafu kuwasha ikiwa ndani ya maji na kuiacha ingurume angalau nusu saa ikauke ndani. Isipowaka, arudi kwa plagi: imelowa maji, imelowa petroli au imekauka, kama nilivyomweleza yule wa Syokimau hapo juu. Ikilowa maji tena, bado kuna maji kwa kesi ya chini, pale chini ya pistoni, atoe tena.

Oili ya gia kwenye mguu aiangalie pia, ikiwa nyeupe kama maziwa maji yameingia, abadilishe. Na hizo skrubu mbili za kubana injini kwa ubao, zikishakazwa azifunge pamoja na kamba au mnyororo hadi kwa boti.

Wengine mlioandika nitawajibu mwezi ujao, barua ni nyingi. Mkituma swali andikeni injini ni tustroki au fostroki, hospawa ngapi, ya kamba au ya starta, iko ziwa gani, ilikaa kwa muda gani bila kuwashwa, na plagi mlipoitoa ilikuwa imelowa au imekauka. Mwenye hajatoa plagi atoe kwanza ndo aandike.